Sauti ya Kusomea Wagonjwa

Barua zote kutoka nyumbani Babu ndiye aliyezisoma, maana Bibi mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho yote mawili, akabaki anaona ukungu tu. Babu na Bibi ndivyo mtaa mzima ulivyowaita tangu kanisa lao lilipowatuma ugenini na mvi zao, mke na mume, wakazunguke nyumba za wagonjwa kwa mwaka mmoja na nusu. Bibi aliogesha na kulisha, mumewe akasoma Maandiko na kuomba. Ilikuwa imebaki miezi minne, na macho yangetibiwa wakirudi.

Jumamosi hiyo ilifika barua ya kifungua mimba wao, binti aliyekuwa mwalimu. Babu alijisogeza dirishani, akakohoa, akaanza: "Wazazi wetu wapendwa, sisi hatujambo. Mvua zimeanza vizuri. Bati la jikoni tumelibadilisha..."

Bibi alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa. Kisu kikasimama. Hakuna baya lililotajwa, jamani, mvua na bati tu! Lakini sauti ile aliijua. Mzee wake alikuwa na sauti mbili za kusomea. Moja ya wagonjwa watakaopona, ya haraka haraka, yenye utani ndani yake. Ya pili aliwasomea wale ambao daktari ameshawatikisia kichwa: ya chini, ya polepole, kila sentensi ikiwekwa chini taratibu. Mwenyewe hata hakujua kwamba anayo. Sasa alikuwa anamsomea nayo bati la jikoni.

"Na Kitinda?" Bibi aliuliza. "Keshajifungua?"

Kitinda alikuwa kitindamimba wao. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu ilipoingia, Bibi alitaka kufunga virago siku ileile. Kitinda mwenyewe ndiye aliyeandika kumkataza: mama, malizeni kazi yenu, mimi mzima kama kigongo.

"Bado," Babu alisema. "Anasema amebakiza siku chache."

"Hebu nisomee tena hapo."

"Anasema... siku zake zinakaribia."

Mara ya kwanza hivi, mara ya pili vile, na karatasi ni ileile! Moyo wa Bibi ulipiga paa. Alitaka kumrukia mzee huyo, amnyang'anye barua, lakini angeifanyia nini? Macho hana. Na Babu akishaamua jambo, hata umbane kwa koleo hatoi neno. Bibi akaendelea na viazi, akijikata vidole mara mbili. Siku ile na ya pili yake hakula kitu. Akilala alimwona Kitinda, akiamka alimwona Kitinda, na kila alipomwona alikuwa kimya.

Jumatatu asubuhi Babu alikwenda ofisi ya kanisa, nyumba ya tano kutoka kwao. Mlango ulipofungwa tu Bibi akaparamia koti la Jumapili la mumewe. Barua ilikuwa mfuko wa ndani. Akaihesabu kwa vidole: karatasi nne. Nne! Na alichosomewa hakikujaza hata moja. Akakaa kitandani kwanza.

Lakini nani wa kumsomea? Nchi nzima ile hapakuwa na mtu anayejua lugha ya kwao, isipokuwa huyohuyo mzee mficha mambo. Bibi alishuka ngazi akishika ukuta mpaka chumba cha chini, kwa fundi cherehani, mjane mcheshi aliyekuwa akiwapunguzia nguo. Kwa lugha ya pale, aliyojifunza kwa taabu, Bibi alimwomba amsomee.

"Mimi?" Fundi alicheka. "Lugha yenu sijui hata kuomba maji!"

"Huna haja ya kujua. Herufi ni zilezile. Tamka kila kitu kama kilivyoandikwa, polepole."

Fundi aliacha cherehani, akavaa miwani, akakohoa kama mtu anayekwenda kuhutubia.

"Ba-ba. U-si-m-so-me-e ma-ma hi-i, m-wa-mbi-e ta-ra-ti-bu." Akacheka tena. "Nimepatia?"

"Umepatia," Bibi alisema. "Endelea, mwanangu."

"Ki-ti-nda a-me-ji-fu-ngu-a. M-to-to m-zi-ma, wa ki-ke."

Ee Mungu wangu, mjukuu! Bibi aliishika meza kwa mikono miwili, na furaha yenyewe ikamtia hofu kubwa zaidi, maana habari njema kama hiyo nani angeificha?

"Ye-ye ho-ma ha-i-shu-ki. Si-ku ya ta-no sa-sa. Da-wa zi-me-ba-di-li-shwa ma-ra m-bi-li." Fundi sasa alikuwa ameshika kasi, anajisikia raha. "Lugha yenu tamu, Bibi! Kama mtu anaimba."

"Endelea."

"A-na-m-u-li-za ma-ma. Ki-la a-ki-zi-ndu-ka a-na-u-li-za ma-ma ka-fi-ka wa-pi. Da-kta-ri a-na-se-ma m-je, m-si-che-le-we. Si-mu ya wo-di..." Hapo fundi akasoma tarakimu kwa lugha yake mwenyewe, na hizo ndizo alizozielewa kati ya yote aliyoyasoma. Kisha akainua macho. Tabasamu likamwishia usoni. "Bibi? Nimesema nini?"

Bibi alimwuliza tarehe iliyo juu. Ilikuwa ya siku kumi na moja zilizopita.

Fundi alimwongoza ofisini kwa mkono, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Babu aliwaona mlangoni, akaiona karatasi, akasimama.

"Mama watoto..."

"Piga namba hiyo."

"Nilihofia presha yako. Nikasema ningoje barua ya pili, pengine ingekuja na nafuu, nikusomee zote mbili pamoja."

"Na isingekuja na nafuu?" Bibi alipaza sauti, yeye asiyepaza sauti popote. "Ungenisomea bati mpaka lini? Mwanangu ananiita siku zote hizo, na mimi nakaa hapa namenya viazi! Piga!"

Vidole vya Babu vilikosea mara mbili. Mara ya tatu simu iliita, ikaita, mpaka Bibi akaanza kuomba kwa sauti. Akapokea muuguzi, akaambiwa, akaenda kuita. Hatimaye kifungua mimba: "Mama? Ni wewe, mama?"

"Yupo?"

"Yupo. Leo kafumbua macho, ila hali bado, mama, bado. Anauliza umefika wapi." Binti alikuwa analia. "Niko karibu naye hapa, ananitazama. Nimwambie nini?"

Bibi alikuwa amevaa kandambili. Tiketi hana, ruhusa hana, nauli hajui itatoka wapi, na kufika kwao ni safari ya siku mbili.

"Mwambie nimeshatoka," alisema. "Mwambie niko njiani, niko karibu. Asilale. Asilale kabla sijafika."

Alisikia binti akigeuka kumwambia mdogo wake, halafu simu ikakatika. Kitinda alijibu nini, hakusikia. Bibi alibaki ameikumbatia simu kifuani, akimwambia Babu akimbie akalete pasi zao za kusafiria, na Babu akakimbia.