Karibu, Mtu

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, na mkunga aliyasema mikono yake ikiwa kazini. Kichwa kimetoka, mabega yametoka, mtoto amelia; kabla ya kukata kitovu anamwinamia na kumwambia, "Karibu, mtu. Hakuna aliye zaidi yako, hakuna aliye pungufu yako." Kisha anabana, anakata, anaendelea na kondo la nyuma. Hakuyasema kwa madaha. Aliyasema kama mtu anayeitikia hodi.

Wanafunzi wa ukunga waliofika wodini walicheka siku za mwanzo, baadaye wakazoea. Walimsikia akimwambia hivyo mtoto wa mke wa diwani, na mtoto wa mfungwa aliyejifungua huku mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Stashahada yake ilining'inia ukutani pale ofisini, lakini maneno hayo hakuyapata chuoni. Aliyapata kwa bibi mzaa mama, aliyezalisha wanawake maisha yake yote bila kujua kusoma, naye aliachiwa na waliomtangulia. Bibi alikuwa akisema kwamba mtoto asipoambiwa mapema yeye ni nani, kuna watu watamwambia vingine.

Sasa binti wa mkunga alikuwa mahabusu kwa sababu ya maneno hayo.

Binti alikuwa mwalimu wa historia. Siku hiyo somo lilikuwa haki za binadamu, na kitabu cha shule kilisema zilianzia mbali, kwa mabwana waliokaa mezani wakaandika. Akakifunga kitabu. Akawaambia wanafunzi kwamba kabla ya meza hiyo, hapahapa petu, kulikuwa na wanawake waliopiga magoti kupokea watoto, na kila mtoto aliambiwa ni mtu kamili. Akawataka waulize kwao. Huenda hilo lingepita. Lakini siku chache nyuma kijana mmoja fundi wa pikipiki alikuwa ameingia kituo cha polisi kwa miguu yake akatoka kwa machela, amekufa, na mtaa mzima ulijua. Mwanafunzi akauliza kama na yule fundi aliambiwa hivyo alipozaliwa.

"Aliambiwa," mwalimu akajibu. "Mama yangu ndiye aliyempokea."

Kesho yake polisi walimchukua kutoka ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mkunga hakupoteza muda kulia. Alipeleka kituoni blanketi, sabuni na kipulizio cha pumu, kwa sababu binti alikuwa na pumu tangu utotoni na alijua sakafu za mahabusu zilivyo. Askari wa kaunta alipokea vyote isipokuwa kipulizio. Alisema hakijui. Mkunga akamweleza jinsi kinavyotikiswa na kinavyovutwa, polepole, kama anavyowaeleza wazazi wapya, kisha akamwambia hiyo ndiyo pumzi ya mwanawe, asipopewa wajiandae kumpigia simu aje na jeneza. Askari akaenda kuuliza. Aliporudi alisema mkubwa anamwita.

Mtaani walimwita mkubwa huyo Taratibu, kwa vile hakuwahi kupaza sauti. Waliowahi kupita mikononi mwake ndio waliopaza sauti, usingizini. Alimvutia mkunga kiti mwenyewe, akamwita mzazi wangu, akakiweka kipulizio mezani katikati yao. Alieleza kwamba hawana ugomvi na binti. Ugomvi wao ni na watu wa nje wanaowalisha walimu maneno. Haki, haki, kila siku haki. Hivi vitu vya kuletwa, alisema, sisi kwetu tulikuwa na heshima tu na tukaishi vizuri. Kwa hiyo alitaka jambo dogo. Mkunga aseme redioni kwamba maneno yale yaliletwa na wageni waliokuja kutoa mafunzo hospitalini. Akisema mama mzazi, watu watasadiki. Binti atatoka siku hiyohiyo. Ila maneno yasisikike tena, wodini wala darasani. Yakisikika, binti anarudi.

"Na nikisema niliyapata kwa bibi yangu?"

"Basi itabidi tumtafute bibi."

"Ni marehemu, afande."

"Basi yeye hana cha kupoteza," alisema Taratibu. "Wewe unacho, mama."

Mkunga akaomba kumwona mwanawe kwanza. Hakuhitaji kupima kifua. Mlio ulimtangulia binti kwenye korido, ule wa filimbi mbovu, na alipoingia mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni na midomo imeanza kubadilika rangi. Kati ya pumzi na pumzi alipata nafasi ya kusema, "Mama, usiseme kitu."

"Nyamaza, unaharibu hewa." Akamgeukia Taratibu. "Mpe dawa, nitasema. Lakini mpe kwanza."

Redioni alisema kama anavyokabidhi zamu, bila kusitasita: wageni walikuja, walifundisha, sisi tuliiga. Fundi mitambo alimsifu kwa kutorudia hata neno.

Binti akaachiwa, akalala kwa mama yake, mito imepangwa mgongoni, uso ukutani. Chai ilipelekwa, ikapoa, ikapelekwa nyingine. Siku aliyoweza kuongea bila kukatika, alishukuru kwanza. Kisha akasema, "Lakini bibi yako umemfanya mgeni, Mama. Na yule fundi wa pikipiki sasa ni kama hakuna aliyempokea."

"Ulitaka nikuzike wewe nibaki na maneno? Maneno yana kifua?"

"Sikulaumu."

"Unanilaumu. Kunywa chai."

Wodini alipokea watoto kimya. Bana, kata, funika. Wanafunzi walitazamana lakini hawakuuliza, maana redio hata wao wanayo. Hospitali ilikuwa imeletewa mfagizi mpya ambaye hakuna aliyemwomba, mwanamume mwenye viatu vizuri, na dekio lake lilikuwa kavu tangu asubuhi hadi jioni. Alipenda kudeki karibu na mlango wa chumba cha kujifungulia. Mkunga alimfukuza, akarudi. Alimshtaki kwa mganga mkuu, mganga mkuu akaangalia dirishani.

Basi asubuhi moja akaletwa mjane wa fundi wa pikipiki, uchungu umemshika sawasawa. Alikuwa msichana mdogo, mkavu, hakupiga kelele hata mara moja. Mkunga alimwambia asukume, akasukuma. Aliambiwa apumzike, akapumzika. Mtoto alitoka wa kiume, akalia kwa hasira. Mkunga akamlaza tumboni kwa mama yake, akanyoosha mkono kuchukua koleo la kubania kitovu.

Mjane akamshika kifundo cha mkono.

"Sista, wangu hujamkaribisha."

Mkunga akamfuta mtoto uso kwa mkono wa pili.

"Nilikusikia redioni," mjane akaendelea, anahema. "Yawe ya nani, mimi sijui. Mama mkwe alisema hata baba wa huyu ulimwambia. Alikuwa anatuimbia maneno hayo kwa fujo, akiambiwa aoshe vyombo: mimi ni mtu, hakuna zaidi yangu." Akataka kucheka, ikashindikana. "Huyu naye mwambie."

Mlangoni dekio lilikuwa limesimama. Mkunga aliviona viatu. Alifikiria kile kifua nyumbani, ambacho ndio kwanza kimeanza kutulia, na sakafu ya mahabusu. Vidole vyake vilikuwa kwenye kitovu na kitovu kilikuwa bado kinapiga, chap, chap, chap. Kikishaacha, wakati wa kusema umepita. Bibi hakuwahi kuchelewa.

Akainama.

"Karibu, mtu," alisema, kwa sauti yake ya siku zote, si ya kunong'ona. "Hakuna aliye zaidi yako, hakuna aliye pungufu yako."

Mlangoni dekio liliegemezwa ukutani. Viatu vikaondoka.

Mkunga akabana, akakata. Glavu zake zilikuwa zimelowa damu, kwa hiyo akamwambia mwanafunzi atoe simu mfukoni mwake, ampigie binti, amshikilie sikioni.

"Vaa viatu," alisema simu ilipopokelewa. "Chukua kipulizio, na kile kipya kilicho kabatini. Pitia uani, usipite barabarani. Nenda kwa shangazi yako, naye usimweleze kitu."

Upande wa pili ukasikika ule mlio wa kifuani, mdogo, unaanza upya.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimepokea mtoto."

"Wa nani?"

"Wa yule fundi."

Alisikia kitanda kikilia, kabati likifunguliwa, kitu kikianguka.

"Nimevaa," binti akasema.

Mkunga alimpa mwanafunzi ishara akate simu. Nje gari lilikuwa likiwashwa. Akarudi kwa mjane, akaweka kiganja juu ya tumbo lake akaanza kulikanda, kwa sababu kondo lilikuwa bado halijatoka.