Foleni Mbele ya Kioo

Miaka ile ya maduka ya umma, Dar nzima iliijua sheria: ukiona foleni, ingia kwanza, utauliza baadaye.

Sasa Vitalis, mpambaji wa duka moja kubwa la ghorofa, alikuwa ndani ya dirisha la kioo, soksi miguuni, akiivisha sanamu doti ya khanga. Ndiyo doti pekee iliyobaki. Rafu za ndani ziliuza vumbi. Meneja akapiga kufuli kijimlango cha nyuma ya dirisha hilo, khanga zisije zikaota miguu, akaenda zake mkutanoni Mnazi Mmoja. Kwamba mle ndani mna mtu, hakukumbuka.

Jua likapiga kioo. Vitalis akagonga, jasho likimchuruzika. Wa kwanza kusimama? Mama Josepha, mkwewe mtarajiwa, na binti yake Klara! Vitalis alikuwa ameahidi doti ya mkaja, zawadi ya mama wa bibi harusi, na bila mkaja hakuna harusi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mkaja wangu ndio umemvisha huyo mdoli?"

"Mama, nimefungiwa!"

"Mwanamume mzima, ufungiwe na khanga?"

Mpita njia akasimama nyuma yao. Mwingine nyuma yake. Foleni ikazaliwa.

"Haziuzwi!" Vitalis akapaza sauti.

"Kumbe zipo!" wakajibu, foleni ikakunja kona kuelekea Kariakoo.

Meneja aliporudi, aliikuta foleni mlangoni. Akapenya ndani, akafungua kijimlango upana wa mkono. "Lete hizo khanga, nimpe wa kwanza, waondoke!"

Vitalis akampa. Nje watu wakasukuma mlango; meneja kwa kiwewe akapiga tena kufuli, akamuuzia Mama Josepha, kisha akatokomea uani. Na ufunguo wake.

Ndani wakabaki wawili: sanamu uchi na Vitalis, nani mwenye aibu zaidi hajulikani.

"Mkaja wa kujinunulia!" Mama Josepha akasonya. "Klara, twende. Mkwe wa kwenye kioo simtaki."

Watu wakatawanyika. Klara hakusogea.

"Tangulia mama. Mimi bado niko kwenye foleni."

Vitalis akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kilichoma, lakini hakuuondoa mkono.

Akatokea mama mmoja na kikapu, akasimama nyuma ya Klara. "Dada, leo wanatoa nini?"

Klara akaelekeza kwa kidevu. "Hicho kimoja tu. Na wa kwanza ni mimi."

Yule mama akamtazama Vitalis, soksi hadi utosi. Akaguna. Akatua kikapu, akasubiri.