Mkono Uliosikika Kisiwani

"Rudia kuanzia jina," Halvor aligonga kwenye kitufe cha simu ya upepo, ingawa alikuwa amesikia kila kitu.

Maili tisini kaskazini, ndani ya meli ya Alden, Tully hakununa. Akaanza upya, nukta na mistari ikiruka masikioni mwa Halvor kwa ule mchezo wake ambao pwani nzima ya Alaska iliujua. Kila mgongaji wa simu ya upepo ana mkono wake, unamtambua kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi. Mkono wa Tully ulikuwa unacheka. Halvor aliuchukia mkono ule, na alichukia zaidi kwamba ulikuwa mzuri.

Ujumbe ulikuwa wa Bi Winifred Pascoe, mgongaji wa kituo cha Kisiwa cha Tarrow, kusini. Winnie, tunaingia bandarini saa sita mchana. Wananitaka nisaini kwenda na meli ya Uchina, miaka miwili. Ukikubali nikuoe, sisaini. Nijibu kabla ya saa sita. Tully.

"Mzee, mimi mchana simfikii, mawimbi yangu huvuka milima usiku tu," Tully aliongeza. "Nakutegemea."

"Nimepokea," Halvor akajibu. Akaichana kutoka daftarini karatasi aliyouandikia ujumbe, akaitundika kwenye msumari wa ujumbe unaosubiri, akakaa akiitazama. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Sheria ya kazi ile haikuwa na kona. Meli iliyo katikati hupokea na kupitisha, neno kwa neno, na mdomo unafungwa. Miaka minne Halvor Engdahl alikuwa amepitisha habari za misiba, za bei ya samaki, za wake waliojifungua, na hata siku moja hakuzidisha wala kupunguza herufi. Sisi tuliosafiri naye kwenye Selkirk Maid tulimwita Cheche, kama mabaharia wote wanavyowaita watu wa chumba cha simu ya upepo kwa sababu ya cheche za mtambo wao, na tulimwona mtu baridi. Kumbe wapi! Mle ndani mtu alikuwa anaungua.

Halvor alikuwa amemwona Winifred mara moja tu, meli iliposhusha makaa na viazi pale kisiwani. Yule mwanamke alikuwa na buti za mpira na penseli sikioni. Alimpa chupa ya jemu ya matunda ya msituni, akamwambia amefurahi kuuona uso wa mkono anaousikia kila siku. Jemu ilikwisha zamani. Chupa ilikuwa bado mezani, imejaa penseli. Tangu siku ile Halvor alikuwa akijiandaa kumwambia jambo, na kila asubuhi wakimaliza habari za hali ya hewa, alisema kwaheri.

Tully hakujiandaa. Alikwenda likizo kisiwani na fidla yake, wiki mbili, basi. Tangu hapo ikawa kila jioni Halvor anawasikia wakipiga soga. Yeye alipewa mvua na upepo, Tully akapewa kicheko. Alikuwa akitazama saa ya ukutani wakizungumza: dakika kumi na mbili, dakika kumi na saba. Angeweza kuvua visikizio. Hakuvua hata mara moja.

Sasa mshale wa saa ile ulikuwa upande wake. Asingehitaji kusema uongo wowote. Angekaa kimya tu mpaka saa sita ipite, kisha aupeleke ujumbe na kuisingizia radi. Tully angekwenda zake Uchina akijua amekataliwa. Wivu ulimkaba mpaka akaona ni haki kabisa.

Saa nne Mackie, fundi mkuu, akachungulia mlangoni na uso wake wa masizi. "Cheche, dainamo inazunguka kwa ajili yako na wewe umekaa tu kama bibi harusi. Unagonga au hugongi?"

"Kuna radi," Halvor alisema.

Mackie akageuka kulitazama anga, jeupe na tulivu juu ya milima, akaondoka bila neno.

Saa tano unusu, mwito ukaja kutoka Tarrow. Mkono wa Winifred ulikuwa mwepesi na safi, hauna haraka. Alitoa hali ya hewa, kisha akauliza, "Una kitu chochote cha kunipa?"

"Hakuna," Halvor akagonga.

Winifred akagonga tena.

"Saa tatu nilikusikia ukimwambia Tully umepokea," alisema. "Yeye mchana simsikii. Wewe nakusikia."

Damu ilimpanda usoni. Jamani, mtu wa miaka minne kwenye kitufe kile, kusahau kwamba akimjibu wa kaskazini anasikika na wa kusini! Amekaa saa mbili na nusu akidhani amejificha, na muda wote ule yule mwanamke alikuwa anasubiri. Alikuwa amemwachia nafasi ajirekebishe mwenyewe.

Akaitoa karatasi msumarini. Akaigonga yote, neno kwa neno, kuanzia jina.

Halvor akavibana visikizio masikioni. Mkono wa Winifred ukarudi, polepole kuliko kawaida.

"Maneno ni ya Tully. Lakini kwenye jina langu mkono wako umetetemeka, Halvor."

Halvor akauondoa mkono kwenye kitufe.

"Sikujua," Winifred akasema. "Ungeniambia mwaka jana."

Halafu, kwa utaratibu wa kazi: "Kwa Tully, meli ya Alden. Ndiyo. Winifred."

Zilibaki dakika kumi na mbili kufika saa sita. Halvor aliandika lile neno moja kwenye karatasi safi, kama ilivyotakiwa. Alitazama chupa ya penseli. Aliwaza kwamba Alden huenda imeshaingia bandarini na kuzima mitambo, na akajiona jinsi alivyotamani iwe imezima, na akaona aibu. Akaita. Tully akaitika kabla mwito haujakwisha, kama mtu aliyelala na kitufe kifuani.

"Ndiyo," Halvor akagonga. "Winifred."

Cheche ilipasuka, chumba kikanuka ile harufu yake ya radi. Kisha ule mkono wa kucheka ukarudi, safari hii haucheki, unajikwaa kama wa mwanafunzi.

"Rudia, mzee. Tafadhali. Rudia neno."

Tully alikuwa amelisikia vizuri kabisa. Halvor alijua.

Akanyoosha vidole, akavirudisha juu ya kitufe. Kule Tarrow Winifred naye alikuwa amevaa visikizio, anamsikia. Akalirudia neno lile taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na mkono haukutetemeka.