Mama Mkwe wa Shimo la Kumi na Mbili

Clement Yarrow hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Akisema nyasi zinakatwa Jumanne, zilikatwa Jumanne, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunzaji mkuu wa uwanja wa gofu wa Hollinhurst, kule nyikani Surrey, Uingereza, na katika miaka yote hiyo alikuwa na adui mmoja tu. Wanachama walimwita adui huyo Mama Mkwe, kwa sababu alikaa mahali ambapo hakuna aliyemkaribisha.

Mama Mkwe alikuwa banka ya shimo la kumi na mbili, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji, refu kama basi na lenye kina cha kumfika mtu kifuani. Ukingo wake uliota hetha, kile kichaka kifupi cha nyikani chenye matawi magumu kama waya, kikaning'inia juu ya mchanga kama nyusi za mzee mwenye hasira. Banka zote za Hollinhurst zilikuwa na nyusi, sawa, lakini za huyu zilikuwa nene kupita kiasi, na zilikatwa kwa mkasi, mtu kapiga magoti. Kila Machi ukingo uliporomoka, na kila Machi Clement aliujenga upya kipande kwa kipande, huku akimlaani kimoyomoyo marehemu aliyelichimba shimo lile karibu miaka mia iliyopita. Na lilichimbwa kwa faida gani? Banka yenye akili hukaa ubavuni mwa grini, ile nyasi fupi yenye bendera, imeze mpira uliokosea kidogo. Huyu alikaa kando, kushoto, hatua thelathini na tano nzima kabla ya grini, akimeza mipira ya wazee na ya wanaojifunza. Mchezaji hodari alimpita bila hata kumtupia jicho.

Basi Clement akaomba banka hiyo ifukiwe. Vikao vitatu vilikaa kwa ajili ya jambo hilo, na katika vyote aliyempinga hadharani alikuwa mtu mmoja: Muriel Askwith, mwenyekiti wa kamati ya uwanja, mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sabini na sita, mwembamba, mwenye sauti ya kumwamsha mwanafunzi anayesinzia dawati la mwisho.

"Bwana Yarrow," alisema katika kikao cha tatu, "unajua Mama Mkwe alichimbwa kwa kazi gani?"

"Sijui, Bi Askwith."

"Mimi pia sijui. Ndiyo maana nasema tusimguse."

Siku ile Clement alikuwa ametoka kwenye matope, magoti yanamuuma, na ulimi ukamponyoka mbele ya watu kumi na wanne. "Kwa heshima zote, Bi Askwith, mtu asiyeiona hata bendera atanifundisha nini kuhusu uwanja?"

Wote walijua kwamba macho ya Muriel yalikuwa yanakwisha; kila alichokitazama kilimezwa na ukungu katikati, akabaki anaona pembezoni tu. Muriel alizipanga karatasi zake vizuri, akapiga kura, akashindwa. Kamati ikaamua kwamba neno la mtunzaji ndilo neno, na wa kuisimamisha kazi ile ni yeye peke yake aliyeiomba. Tingatinga lingekuja baada ya wiki tatu, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi.

Kabla watu hawajainuka, Muriel aliongeza jambo moja. "Kama tunaondoa visivyo na kazi, basi tuondoe na kile kichaka cha mibetula, ile miti ya magome meupe, nyuma ya shimo la kumi na moja. Kazi yake pekee ni kumficha Bwana Yarrow akinywa chai." Watu wakacheka. Clement akavimba, akasema atakikata kwa mkono wake mwenyewe, asante.

Jumapili, siku moja kabla ya tingatinga, ilikuwa siku ya kung'oa mibetula. Mtu wa Hollinhurst hahitaji kuelezwa: nyika ukiiacha miaka mitano inageuka msitu, kwa hiyo kila Januari wanachama huja na glovu na misumeno, daktari wa meno na jaji mstaafu wakigombania mche mmoja kama watoto. Baadaye hucheza mashimo sita, kila mtu na fimbo zake tatu, halafu huingia ndani kunywa supu ya njegere. Clement aliwatuma wenzake upande wa shimo la kumi na tano, yeye akapanda peke yake kwenye kichaka chake.

Kilikuwa juu ya kilima kidogo, miti myeupe thelathini hivi, magome yake yakibanduka kama karatasi ya zamani. Alikata. Saa mbili nzima alikata kwa hasira, na hasira ikamsaidia. Akaburuta matawi, akachukua sepetu akaanza kung'oa visiki, na hapo ndipo sepetu ilipoteleza juu ya ardhi iliyokuwa tambarare mno. Akasogea pembeni, tambarare. Akakwangua hetha na ukoga wa kijani, akakuta ukingo ulionyooka, akaufuata hatua nane, ukingo ukapinda. Akasimama. Nyika haina kona, na hii ilikuwa kona kamili ya mkono wa fundi.

Akatafuta kona ya pili, ya tatu, akaipata na ya nne. Hapo hata mtoto angejua. Lilikuwa jukwaa, mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo la kumi na mbili, kabla ya watu fulani waliokwisha kufa kulihamishia bondeni ili trekta lipate pa kugeuzia. Na yeye Clement Yarrow alikuwa amekaa juu yake kila siku saa nne asubuhi, miaka ishirini na miwili, na chupa yake ya chai, mgongo ukielekea upande wa maana.

Akageuka.

Jamani, yako mambo mtu huyatazama maisha yake yote asiyaone. Kutoka bondeni, shimo la kumi na mbili lilikuwa nyasi tu na banka zilizotawanyika ovyo. Kutoka hapa hapakuwa na ovyo hata kidogo. Jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilikuwa bado haijayeyuka kwenye vivuli, jua la Januari lilikuwa chini, na hetha ya kilima kizima ilikuwa na rangi ya chai nzito iliyoachwa jikoni. Katikati yake njia ya nyasi ilishuka, ikasita, ikapanda. Banka mbili za kulia, ambazo siku zote alizidhani zimedondoshwa na mlevi, zilipandana kama ngazi kuelekea kwenye misonobari myeusi. Na kushoto, pale zilipokuwa zinaelekeza, alikaa Mama Mkwe.

Hakuwa kando tena. Alikuwa mbele ya grini kabisa, mchanga wake mweupe ukigusa bendera. Zile nyusi nene za hetha zilikaa sambamba kabisa na mwanzo wa grini, zikazimeza hatua zote thelathini na tano zilizokuwa nyuma yake, kana kwamba ardhi ile haikuwahi kuumbwa. Clement alijua ardhi ile ipo. Alikuwa anaikata nyasi kila wiki. Akafumba macho, akafumbua, haipo. Mtu mmoja, kwa sepetu na toroli na farasi, alikuwa ameificha mchana kweupe, akaiacha hapo ikiwa imefichika.

Alivua kofia, sijui kwa ajili ya nani. Machozi yalimlengalenga, na Clement huyu alimzika baba yake macho makavu. Kesho asubuhi saa moja na nusu, kwa sahihi yake mwenyewe, jambo lile lingefukiwa kwa udongo wa kuletwa na lori.

Akasikia hatua. Muriel Askwith alikuwa anapanda kilima polepole, akiburuta kigari cha fimbo zake tatu, kichwa amekiinamisha upande kama kuku, ndivyo alivyoiona njia siku hizi.

"Nimesikia msumeno umenyamaza," alisema. "Nikadhani umejikata mguu. Umemaliza?"

Hakuna aliyeona. Hili ndilo lililopita kichwani mwa Clement, na hatuwezi kulificha. Jukwaa lingeweza kurudishiwa matawi. Yule mama hakuweza kuliona hata akisimama juu yake. Jumatatu ingepita, na Clement Yarrow angebaki mtu ambaye neno lake ni neno.

"Nimekosea," alisema.

"Kuhusu lipi? Orodha ni ndefu."

"Kuhusu Mama Mkwe. Na kuhusu lile nililokuambia kikaoni. Lile lilikuwa la kishenzi, Bi Askwith, na nimelala nalo wiki tatu."

Muriel akakiacha kigari, akasogea mpaka akahisi ardhi imelala sawa chini ya viatu vyake. Akaupitisha mguu kwenye ukingo, taratibu, mpaka konani. Mwalimu wa hesabu hahitaji macho kuijua pembe mraba.

"Ee Mungu wangu," alisema chini chini. "Niambie unaona nini."

"Mimi si mtu wa maneno."

"Kikaoni ulikuwa nayo. Niambie."

Basi akamwambia. Alianza vibaya, kama mtu anayesoma risiti: banka mbili, njia, bendera. Akamkatiza, akamuuliza mwanga unatoka wapi, mchanga una rangi gani, nyusi zinaanzia wapi na kuishia wapi. Kidogo kidogo ulimi ukafunguka. Alimweleza ngazi ya banka inavyolishika jicho mkono na kulipeleka kushoto bila kuliuliza. Alimweleza mistari ya juu ya mchanga inavyofuata mistari ya vilima vya mbali, kwa hiyo huwezi kujua Mungu aliachia wapi na mchimbaji akaanzia wapi. Alimweleza ile ardhi iliyofichwa. Hapo akakohoa kusingizia baridi. Muriel alikuwa amefumba macho, uso umeelekea kule, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliye kanisani.

"Mjanja," alisema mwishowe. "Mjanja mkubwa, yule. Nipe fimbo."

"Sasa hivi?"

"Unataka nisubiri mpaka nife? Bendera iko mbali gani?"

Clement alipima kwa jicho. Alijua jicho lake linadanganywa, kwa hiyo akawa mwangalifu. Akaongeza hatua kumi za tahadhari juu ya zile alizoziona. "Mia na ishirini. Tumia fimbo ya chuma. Lenga juu ya mchanga, bendera iko nyuma yake pale pale."

"Una hakika?"

"Bi Askwith, uwanja huu nimeutunza miaka ishirini na miwili."

Akampangia mpira, akamshika mabega akamwelekeza. Muriel aliinamisha kichwa upande, akaupata mpira kwa ukingo wa jicho, akapiga. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, safi. Mpira ulipanda juu ya hetha, ukaning'inia kwenye anga la buluu muda mrefu ajabu, ukaanza kushuka moja kwa moja juu ya bendera. Clement akaanza kutabasamu. Mchanga ukaruka.

"Uko wapi?" aliuliza Muriel.

Clement alikuwa anatazama tundu dogo jeusi kwenye mchanga mweupe, chini kabisa ya ukingo, hatua thelathini na tano na zaidi kabla ya grini. Alishika kiuno. Kisha alianza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho wa shimo la kumi na tano walikisikia wakainua vichwa.

"Uko kwa Mama Mkwe," alisema. "Wewe umepiga vizuri, mama. Ni mimi. Amenifunga tena, na nilikuwa najua."

"Basi tuko wawili tusioiona bendera," alisema Muriel, naye akacheka mpaka akashika mkono wa Clement asianguke.

Waliteremka pamoja. Clement alitoa simu akampigia Desmond Pruett, mwenye tingatinga, ambaye aliipokea mdomo ukiwa umejaa chakula cha mchana cha Jumapili.

"Kesho usije," alisema Clement.

"Usije vipi? Nimeshalipandisha kwenye lori. Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe? Clement, wewe ndiye uliyenisumbua mwezi mzima." Desmond alimeza alichokuwa anatafuna. "Haya. Fomu ya kusitisha kazi inataka sababu. Niandike nini, mvua? Ardhi mbovu?"

Walikuwa wamefika ukingoni. Muriel alikuwa tayari amekaa juu ya hetha, anateremsha miguu yake mchangani, anapapasa kutafuta pa kukanyaga. Clement alibana simu begani akamshika mkono, wakashuka, na kutoka mle chini hawakuona tena grini wala bendera, waliona ukuta wa hetha na anga.

"Upo?" alisema Desmond. "Niandike sababu gani?"

"Andika ni mzuri," alisema Clement.

"Nani mzuri?"

"Andika hivyo hivyo, na jina langu chini."