Begi la Kiti cha Nyuma

Gari la kufungua paa ni gari la mtu asiye na mizigo. Hayo niliyasema siku ile ile Taib alipolileta mtaani kwetu Kibokoni, jekundu, paa limekunjwa, akaliegesha mdomoni mwa kichochoro chetu. Alikuwa amemletea mpwa wangu Nabiha begi la harusi. Wanawake wa kwao walimfuata kwa tuk-tuk wakipiga vigelegele. Begi lenyewe la zambarau, limejaa leso, magauni, viatu na udi, lilikuwa limeketishwa kiti cha nyuma na kufungwa mkanda, kama bibi kizee anayepelekwa hospitali.

"Mwanangu," nikamwambia, "gari lisilo na pa kuweka begi la bi harusi, mkijaaliwa mtoto mtamtia wapi?"

Akacheka. Taib akicheka hata mimi hulainika, na mimi si mtu wa kulainika ovyo.

"Khalati," akaniita kama aniitavyo Nabiha, "paa likikunjwa hujilaza ndani ya buti. Nikilifunga, buti lote hubaki tupu. Lameza mabegi mawili makubwa."

Nabiha alikuwa dirishani juu, akasikia. Tangu hapo ukawa ndio wimbo wake. "Mawili, Khalati. Lake na langu." Fungate yote alikwisha kuipanga ndani ya buti lile.

Harusi ilipokaribia, mamake Taib akampigia dada yangu, mamake Nabiha, simu: hakuna nasibu, ndoa haipo. Sababu hakutaja. Desturi yetu, mwanamume akivunja mwenyewe hadai kitu, lakini Nabiha hakutaka begi lilale kwetu. Wala hakutaka wanawake walirudishe.

"Na aje mwenyewe alichukue," akasema.

Nilijua ana lake. Alitumaini Taib akimwona uso kwa uso, moyo utamrudi. Asubuhi ya kuja Taib, Nabiha alijifukiza udi, akatia wanja, akavaa buibui jipya. Ningemwambia nini? Nikamsaidia kuliburuta begi kichochoroni.

Taib alisimama kando ya gari, macho chini. Paa lilikuwa limefungwa. Alitusalimu kwa sauti ndogo, akanyoosha mkono kulipokea begi.

"Nitalitia kiti cha nyuma," akasema.

"Kwa nini? Paa umelifunga, buti li tupu," Nabiha akamjibu, na nusu ya tabasamu ikamjia. "Watu wa barazani watuangalia, Taib. Nisitiri. Fungua buti."

Akasita. Nabiha akangoja. Mwishowe Taib akalifungua.

Ndani mlikuwa na begi jingine la bi harusi. La kijani, jipya, limetoka duka moja na la Nabiha, mpini umefungwa utepe wa dhahabu.

"Nimepita kulichukua," Taib akasema. "Nikaona, maadamu njia ni moja..."

Nilikuwa nimemwekea mwanamume yule maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake. Wiki nzima nilikuwa nikiyanoa. Sasa nilimtazama mtoto wetu tu, na niliumia kama niliyeachwa mimi.

Nabiha akainama. Akalisukuma lile la kijani pembeni, polepole, utepe usikunjike. Akalilaza lake ubavuni pa lile. Likaingia. Akalifunga buti kwa mkono wake mwenyewe, akanishika mkono, tukarudi.

Nyuma yetu gari likawaka, likaenda zake. Nabiha hakugeuka. Hakulia mbele ya baraza wala mbele ya duka la kahawa, na salamu za majirani alizijibu zote. Tulipofika mlangoni akaketi kizingitini na buibui lake jipya, wanja ukaanza kumtiririka.

"Khalati," akasema, "yule hakuwa mwongo. Lameza mawili."