Shahidi Aliyezibwa Mdomo

Nchi ya Ng'aranga haina mto wala mlima wa kujivunia. Ina jua tu, jua lisilochoka, linalochomoza mapema na kuchelewa kuzama kama mgeni asiyejua kuaga. Na jua hilo lina mwenyewe. Anaitwa Mwenye Jua, kama alivyoitwa baba yake, na kama alivyoitwa babu yake aliyeuzungushia uwanda wote ukuta, akasimamisha humo maelfu ya vioo vyeusi juu ya miguu ya chuma, kisha akapiga marufuku mtu yeyote kukanyaga uwanda huo na viatu. Jua likiangukia vioo hivyo hugeuka umeme, ukashuka kwa nyaya hadi kwenye nyumba ndogo ya mawe yenye mashine, na kutoka hapo ukaenda Kasri kupoza vyumba, kugandisha barafu na kuwasha taa mia saba. Taa hizo huwaka hata mchana kweupe, kwa kuwa wakubwa wa Ng'aranga wanaamini kwamba taa inayosubiri giza ni taa ya maskini. Watu wengine huishi nje ya ukuta, na fungu lao la jua ni lile linalowachoma migongo.

Katika nyumba ya mawe, katikati ya mashine, palikuwa na kisanduku kimoja kisichozidi mkate wa boflo. Kazi yake ilikuwa kuangalia umeme usipotee njiani. Waya ukichubuka, umeme ukaingia kwenye chuma na kushuka ardhini, fyuzi iliyomo tumboni mwake ilikatika, na kila kitu kilizimika mpaka fundi aweke nyingine. Mafundi wa kale walikiweka ili mtu akishika chuma asife. Lakini wakubwa walikiita Shahidi, kwa maana walipoambiwa kwamba umeme umepotelea ardhini hawakuuliza ni waya gani umechubuka. Waliuliza nani ameiba.

"Ardhi haina mikono," alisema Mwenye Jua. "Yupo anayeipokelea."

Waliokuwa karibu na ardhi ile ni wanawake wanaofuta vumbi kwenye vioo, miguu mitupu, ndoo za maji pembeni. Ikatungwa sheria: fyuzi ikikatika, anayekutwa juu ya ngazi na kitambaa kibichi mkononi ndiye mwizi. Viboko kumi na viwili, mbele ya wenzake.

Fundi wa nyumba ya mawe alikuwa Masheo, mtu mpole mwenye vidole virefu. Mdogo wake, Leluma, alikuwa mmoja wa wafutaji. Siku alipochapwa mara ya tatu katika mwezi mmoja, Leluma alikwenda akasimama mlangoni kwa kaka yake, gauni limegandia mgongoni.

"Kaka, hicho kisanduku chako nimekikosea nini?"

"Hakina ugomvi na mtu. Kinasema kweli."

"Basi kinaijua nusu. Kinajua umeme umevuja, hakijui nani kachapwa."

Bi Sukwaa, mkubwa wa wafutaji, aliyekuwa amemshika mkono, akasema, "Mwache, mwanangu. Fundi na kisanduku chake wameoana. Sisi mawifi tu, ndiyo maana hatupendwi humu ndani."

Wakacheka, hata Leluma, ingawa kucheka kulimuuma.

Masheo alikuwa ameomba mara nyingi apewe siku moja tu ya kuzima kila kitu, apite chini ya vioo, autafute waya uliochubuka. Kondoro, mkuu wa walinzi na mshika fimbo, alimjibu vile vile kila mara: "Siku nzima bila barafu? Fundi, kwanza tafuta pa kuiweka shingo yako."

"Kizibe mdomo," Leluma alimwomba. "Sitaki kingine. Kizibe tu."

Masheo alijua maana ya kufanya hivyo kuliko mtu yeyote katika Ng'aranga. Alimtazama mdogo wake mgongoni. Kisha akakata kipande cha waya mnene wa shaba, akaitoa fyuzi, akakiweka pale pale. Siku hiyo aliacha kuwa fundi, akawa kaka.

Kwa siku arobaini hakuna kilichozima. Migongo ilipona. Wanawake waliimba tena juu ya ngazi, na Leluma alimletea kaka yake magimbi ya kuchoma akisema, "Wifi kisanduku siku hizi ana adabu." Kasri waliandaa karamu, Mwenye Jua akatangaza kwamba wizi umekwisha katika nchi yake. Masheo peke yake aliona kwamba nyasi zimekauka chini ya nguzo moja, na kwamba mchwa wamehama hapo. Akajiambia kwamba karamu ikiisha atautoa waya. Karamu ikaisha. Akajiambia kesho.

Asubuhi iliyofuata Leluma alipanda ngazi na kitambaa kibichi, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye chuma. Hakupiga kelele. Wenzake walidhani amesimama kupumzika. Bi Sukwaa ndiye aliyeyaona macho yake, akamsukuma kwa mpini mkavu wa ufagio, naye akaanguka kama nguo inayoanguka kambani.

Taa mia saba hazikupepesa hata moja.

Kasri walituma rambirambi, pande la barafu la kuuhifadhi mwili. Liliyeyuka kabla kaburi halijachimbwa.

Baada ya maziko Masheo alikwenda mwenyewe kwa Mwenye Jua. "Mtukufu, niliyemziba Shahidi mdomo ni mimi. Nimemuua mdogo wangu. Nihukumu, lakini niruhusu nirudishe fyuzi."

Mwenye Jua alimsikiliza kwa upole mwingi. "Umeua mmoja, ukaponya migongo mia. Nikuhukumu kwa lipi? Waya ubaki."

Wafutaji hawakuandamana wala hawakutukana. Walikaa matanga tu. Na desturi ya Ng'aranga ni kwamba mfiwa hashiki maji ya kazi mpaka aliyeua ajulikane. Masheo aliwaambia ni yeye. Bi Sukwaa akamjibu, "Wewe ni mfiwa mwenzetu. Kaa chini." Matanga yakaendelea. Vumbi likatua juu ya vioo, siku baada ya siku, na taa mia saba zikawa mia tatu, kisha arobaini. Walinzi walipoambiwa wafute walisema wao ni watu wa fimbo, si wa vitambaa.

Ndipo Mwenye Jua, ili kuwaaibisha wote, akatangaza kwamba kioo cha kwanza atakifuta yeye mwenyewe, mbele ya nchi nzima. Lakini kabla hajavua viatu alimwita Masheo pembeni.

"Fundi, mrudishe Shahidi."

"Arudi moja kwa moja, Mtukufu?"

"Arudi leo."

Masheo akairudisha fyuzi. Mwenye Jua akapanda ngazi, akalowesha kitambaa, akafuta. Maji yalitiririka hadi kwenye chuma, mkono wake ukawasha kama umegusa upupu, na papo hapo kisanduku kikaalika: ta! Taa zilizobaki zikazima. Alikuwa mzima. Alikuwa juu ya ngazi, kitambaa kibichi mkononi, mbele ya watu wote, na watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Kondoro.

Kondoro alikitazama kitambaa. Kisha akaitazama fimbo yake.

"Kondoro," Mwenye Jua alisema kwa sauti ndogo, "sheria ile ilikuwa ya…"



Masheo hakungoja. Kila kitu kilikuwa kimezimika, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kumzuia. Alipiga magoti, akaingia chini ya vioo, akaiendea ile nguzo iliyokaukiwa nyasi, akaupapasa waya mpaka vidole vyake vikasimama. Waya ulikuwa umesuguliwa na ncha ya chuma, ukatoboka. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Alilipata kabla jua halijapanda sana.

Bi Sukwaa akainama kando yake. "Ndipo hapo?"

"Ndipo."

"Padogo hivi?"

Masheo alishika utepe wa kufungia waya, asiweze kuufungua. Nyuma yao ilisikika sauti ya fimbo. Labda iliangushwa chini, labda ilishuka mahali pengine. Wao wawili hawakugeuka kutazama.