Fundi Asiyemaliza Bomba

Gemu langu linahusu jogoo anayeendesha lori. Akigonga ndoo anapata alama, akimkwaruza askari wa barabarani ananyang'anywa leseni, na akifika mwisho wa njia salama anapandishwa cheo, anapewa basi. Watu wanalipenda. Nimemwona kwa macho yangu mtu mzima, na tai yake shingoni, akilicheza kwenye foleni ya hospitali mpaka zamu yake ikampita. Lakini hajatokea hata mmoja aliyemaliza gemu langu akanishika mkono na kunyamaza, macho yamemlegea kama aliyetoka kuaga maiti. Hayo alikuwa akifanyiwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni wa mwisho kuzaliwa, na nyumbani tulimwita Kitinda tangu hajaota meno. Tunafanya kazi karakana moja ya kutengeneza magemu: chumba kimoja juu ya duka la vioo, meza tatu, na feni inayopuliza upande wa bosi tu. Bosi wetu tunamwita Waya, kwa sababu ni mwanamke mwembamba na ukimgusa vibaya anakupiga shoti. Kwa miezi minane Kitinda alikuwa akitengeneza gemu juu ya ugonjwa wa baba yetu. Hakuna jogoo humo. Kuna nyumba, mzee anayesahau, na mtu wa kumtunza.

Sasa, mtu wa kumtunza nilikuwa mimi. Miaka mitatu. Kitinda alikuwa masomoni, mbali, akipiga simu kila jioni. Mimi ndiye niliyeogesha, niliyelisha, niliyetafuta miwani nyumba nzima na kuikuta usoni mwa mwenyewe. Baba alisahau vitu kwa utaratibu, kama mtu anayehama na kubeba mzigo mmoja mmoja, na siku ilipofika zamu yangu akanibeba na mimi. Akaamini kwamba mimi ni fundi niliyekuja kutengeneza bomba la jikoni. Namfunga vifungo vya shati, ananitazama kwa upole wa mwenye nyumba, ananiuliza: "Fundi, bomba lile bado tu?"

Lakini simu ikilia, sauti ya Kitinda ikimwingia sikioni, uso unamfunguka. Kitinda wangu, Kitinda wangu. Hakumsahau hata siku moja. Nikishampa simu natoka uani, nakwenda kusugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa, ili nisisikie. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, baba aniite mwanangu, hata kwa bahati mbaya. Akafa hajaniita. Mwaka na nusu sasa. Ile habari ya fundi sikumsimulia mtu yeyote. Kuna aibu za kuchekesha wenzako na kuna za kufa nazo, na mimi nazijua zote mbili.

Kwa hiyo utaelewa lile donge. Aliyefua mashuka ni mimi, anayepewa pole ni yeye. Mwenye mtoto analea, jirani anapiga picha.

Mambo yalichemka pale karakana yetu ilipopata nafasi kwenye maonyesho ya magemu. Tulipewa meza moja na skrini moja, maana yake gemu moja. Jogoo au baba. Waya akasema hatapiga kura wala kurusha shilingi. Jaribio ndilo litakaloamua.

Jaribio la Waya halina msamaha. Gemu linachezwa na mtu asiyelijua, na aliyelitengeneza anakaa nyuma yake kwenye kigoda, kalamu katikati ya meno. Kalamu ndiyo kufuli. Haruhusiwi kusema neno, kuguna, wala kukohoa kikohozi chenye maana, kwa sababu, Waya anasema, mtu akilicheza gemu lako nyumbani kwake hutakuwepo kumwelekeza. Ukitoa kalamu mdomoni, jaribio limekufa na gemu linarudi benchi. Mchezaji akimaliza anaandika ripoti, na ripoti ndiyo hakimu.

Jogoo wangu alijaribiwa na muuza vioo wa chini. Alicheka hadi akawaacha wateja wake wakijitazama kwenye vioo. Ripoti yake ilikuwa na mistari miwili, wa pili ukiuliza kama jogoo anaweza kupewa trekta. Ikabaki zamu ya Kitinda. Waya alikuwa amekwisha kulicheza lile gemu peke yake, wapangaji wa vyumba vingine walikuwa wamelimaliza na kumshika mkono, muuza vioo alikuwa amechungulia mara kadhaa, na katika jengo zima asiyelijua alikuwa mtu mmoja. Kwa miezi minane nilikuwa nikipita meza ya Kitinda nimekaza shingo upande wa pili kama mwenye jipu. Nilimweleza Waya kwamba haifai, mimi ni mshindani. Akanijibu kwamba ndiyo sababu ninafaa, mshindani haachi kosa lipite.

Jumatatu asubuhi nikashika padi ya kuchezea, vidole gumba viwili tayari. Nyuma yangu kigoda kikalia, kalamu ikagusa meno.

Nyumba ilikuwa nyumba yetu. Alikuwa hajasahau hata ule mlango wa jikoni unaokwaruza sakafu. Halafu akatokea mtu ninayemwendesha, anaonekana kwa nyuma tu, na mkononi ana spana. Kisogo kile nilikijua. Nimekwenda nacho kwa kinyozi maisha yangu yote. Mzee kitandani akageuka, na chini ya skrini yakajiandika maneno: Fundi, bomba lile bado tu?

Damu ilinipanda. Kwanza nilijiuliza nani kampa hii, nikawatuhumu majirani wote mmoja baada ya mwingine. Pili nikasema moyoni, haya, hata aibu yangu nayo kaiona inafaa, kaichukua. Lakini sikugeuka. Nikaamua kucheza kama mkaguzi wa majengo, kutafuta nyufa.

Nikamwogesha mzee. Ilibidi kubonyeza taratibu, ukiharakisha maji yanamwingia machoni. Nikamlisha. Nikatafuta miwani. Jioni simu ikalia, maandishi yakaniambia nimpe mzee, nikampa. Hapo padi ikawa huru, mtu wangu anaweza kwenda anakotaka. Mimi nikampeleka uani. Kulikuwa na sufuria kule, nikaisugua. Nilicheka kidogo kwa uchungu, maana hata hiyo kaiona. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, ya tano: simu, mlango, uani, sufuria. Nyuma yangu nilisikia plastiki ikipasuka, nikajua kalamu imepata ajali, na sikuwahurumia, si kalamu wala mwenyewe. Siku ya sita kitanda kilikuwa kimetandikwa. Skrini ikawa nyeusi.

Dakika arobaini. Niliandika ripoti kwa mwandiko mzuri kuliko wa cheti changu cha shule. Picha safi. Huzuni ya kutosha familia mbili. Mchezaji anafanya kazi kutwa, hapati kitu, na mwisho hakuna mwisho. Jogoo angalau anapewa basi. Nikampelekea Waya, na njiani nikahisi donge likilainika kama sabuni majini.

Waya aliisoma amesimama. Akaniuliza nilifanya nini simu ilipolia. Nikamwambia nilimpa mzee.

"Halafu?"

"Nikatoka."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Akamtazama Kitinda, ambaye bado alikuwa kwenye kigoda, nusu kalamu mdomoni na wino kwenye kidevu. Kitinda akatazama sakafu. Waya akanirudishia karatasi yangu.

"Mimi nilikaa," akasema. "Ingekuwa filamu wangenikalisha, nitake nisitake. Hapa mlango ulikuwa wazi, na nikakaa. Nenda kamalizie ripoti yako."

Ningeweza kukataa. Ripoti ilikuwa imekwisha, jogoo alikuwa ameshakaa mezani kwenye maonyesho anasafisha kucha. Lakini wivu una tabia moja mbaya, haukubali mwenzako awe ameona kitu wewe hujakiona. Nikarudi kwenye skrini, nikafungua siku ya tatu, nikampa mzee simu, na nikamwacha fundi wangu amesimama pale pale miguuni pa kitanda.

Kwa muda hakikutokea kitu. Mzee alicheka, akaitikia, akauliza habari za masomo. Kisha maneno yakaanza kupanda taratibu.

Kitinda wangu, hapa kwangu kuna fundi. Mtu wa watu. Bomba lilishapona zamani, mimi ndiye ninayelilegeza akienda dukani. Likipona ataondoka, unafikiri atabaki kufanya nini? Kaka yako yuko wapi siku hizi? Mwambie aje amwone huyu fundi. Watapatana.

Niliweka padi chini.

Bomba lile lilikuwa likivuja kweli, na nati yake niliikaza mara ngapi, sijui. Nilibadilisha mpira wa ndani, nikabadilisha bomba zima, nikamtukana aliyelitengeneza na ukoo wake. Na wakati nikipiga magoti chini ya sinki, mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, ananitazama, nikidhani amepotea njia ya chooni.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilimwonea wivu fundi. Nimewahi kumwonea wivu mdogo wangu, na wenye magari, na waliooa vizuri, lakini huu ulikuwa mkali kuliko wote. Alipendwa kila siku kwa miaka mitatu, mpaka mzee mzima akawa mwizi wa nati kwa ajili yake, na mimi nilikuwa uani na sufuria.

Niligeuka. Nikamuuliza Kitinda kama ametunga. Alimtazama Waya kwanza, Waya akamkubalia kwa kichwa, ndipo akatoa kipande cha kalamu. Akasema hakutunga hata nukta, kila baba alipokata simu yeye aliandika kwenye daftari yote aliyoyasikia, hadi mlio wa sufuria uani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanikumbusha kwamba wiki ya msiba alinijia mara mbili na daftari lile mkononi, na mara zote mbili nilimwambia akawaonyeshe waliopendwa. Kweli nilisema hivyo. Nilidhani ni kijembe kizuri.

"Halafu, kaka, mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe," akasema. "Mimi alinijua kwa sauti tu. Wewe ulimshika. Mwezi mzima nimekaa na ile picha ya mzee anaongea kwenye simu, sijui hata alikuwa anaishikaje."

Hapo nikamtazama mzee wa kwenye skrini vizuri. Simu iko sikio la kulia, mkono umekunjwa, kama karani wa benki. Nikacheka kwa sauti, na safari hii si kwa uchungu. Nikachukua karatasi, nikafuta niliyoyaandika yote isipokuwa picha safi, nikaandika upya: Gemu hili liende mezani. Lina kosa moja kubwa, mzee anashika simu vizuri mno.

Waya aliisoma, akasema sawa, akarudi kwenye feni yake. Nikaona jogoo wangu akishuka kwenye meza ya maonyesho bila hata kuaga, na iliuma, sitasema haikuuma. Lakini Kitinda alikuwa amekwisha kuvuta kigoda karibu na kufungua daftari, safari hii upande wangu.

Nikamfundisha. Baba alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili, mbele ya mdomo, chini juu, kama mtu anayekula muhindi. Nilikuwa namgeuzia, anaigeuza tena. Akaandika moja. Nikamwambia soksi alivaa mguu wa kushoto tu, wa kulia alisema una joto lake. Akaandika mbili. Nikamwambia akiogeshwa alikuwa ananiomba radhi kwa kunichelewesha na bomba. Aliandika tatu, polepole, wino wa kidevuni ukidondokea ukurasa.

"Na kingine, kaka?"

Kilikuwepo. Alfajiri, kabla hajaamka sawasawa, kabla hajaamua mimi ni nani, alikuwa na jambo alilolifanya na mkono wangu. Nilifungua mdomo. Nikamwona Kitinda alivyoinama na kalamu, tayari, ana njaa yake, ana miaka yake mitatu ya sauti tu, na nikafumba.

"Hakuna kingine," nikasema.

Alinitazama, akajua ninadanganya. Aliandika nne, akaweka nukta mbele yake, na akauacha mstari ule mtupu.